Shahada ya sheria mtandaoni: wasioona, viziwi na wenye bando dogo

Mratibu: Wakuu, masomo yetu yote ya sheria ni mtandaoni. Wamo wanafunzi wasioona, viziwi, na wengine wanasomea kwenye simu kwa bando la kubana. Vitini vingi ni hukumu zilizoskaniwa. Tuanzie wapi kabla muhula haujafunguliwa?

Mkutubi: Anzeni na hizo hukumu. PDF iliyoskaniwa ni picha. Programu ya kusoma skrini kwa sauti kama NVDA kwa kawaida haipati humo hata neno moja. Kupima ni rahisi: jaribu kuchagua sentensi moja kwa kipanya. Ikigoma, ipitishe kwenye OCR (programu inayogeuza picha ya maandishi kuwa maandishi halisi), kisha mtu aihakiki, maana OCR huharibu tanbihi na namba za aya. Bila namba ya aya, mwanafunzi atanukuuje hukumu? Vichwa vya sehemu navyo viwekwe kwa mitindo (Styles) ya Word, siyo kukoza wino tu. Kwa vichwa hivyo asiyeona huruka moja kwa moja hadi kwenye uamuzi, badala ya kusikiliza kurasa 80.

FundiSauti: Maandishi ya chini ya video yanayojiandika yenyewe hukwama kwenye Kilatini. "Mens rea" na "res judicata" hutoka vituko vitupu. Asahihishe mtu anayejua sheria kabla rekodi haijatolewa. Mkalimani wa lugha ya alama apewe majina ya kesi siku moja kabla, na dirisha lake libandikwe lisihamehame. Wa bando dogo wapeni sauti peke yake: mono (mkondo mmoja wa sauti), kilobiti 32 kwa sekunde, saa nzima haifiki MB 15.

Mratibu: Na mtihani? Tuna programu inayofunga kompyuta na kumtazama mtahiniwa kwa kamera.

Mtahini: Hapo ndipo penye kazi. Baadhi ya programu hizo huzuia kisoma skrini, na mwenye macho yanayochezacheza anaweza kuonekana anaibia. Kama swali ni la kuchambua mkasa, ruhusuni vitabu na muiache kamera; jibu la aina hiyo halinakiliki kirahisi. Muda wa ziada uingizwe kwenye mfumo mapema: asilimia 25 juu ya saa 3 ni saa 3 na dakika 45. Msimamizi akiahidi kwa mdomo tu, saa ya mfumo itafunga karatasi katikati ya sentensi. Fanyeni jaribio wiki moja kabla, kila mtu kwenye kifaa chake mwenyewe.

Mkutubi: Nyongeza: maswali ya kushtukiza darasani. Tangazeni mapema watakaoulizwa, na jibu la kuandika kwenye gumzo lihesabiwe sawa na la mdomo.