Mrejesho: nyanya zangu zilizokuwa zikioza kitako

Wapendwa, niliwauliza kwa nini nyanya zangu aina ya Cal J, nilizozipanda kwenye ndoo za lita 20 hapa Dar es Salaam, zilikuwa zikipata doa jeusi lililodidimia kitakoni ilhali majani yake yalikuwa na afya. Baadhi yenu mlinishauri nipulizie dawa ya ukungu. Wengine mlisema kuwa tunda linakosa kalsiamu, si lazima kwa sababu udongo hauna madini hayo, bali kwa sababu husafirishwa na maji, na udongo wa ndoo hukauka upesi mno kwenye jua la mchana. Hawa wa pili ndio waliokuwa sahihi.

Sikununua dawa yoyote. Nilitandaza nyasi kavu juu ya udongo, nikawa namwagilia kila asubuhi kwenye shina hadi maji yatoke kwenye matundu ya chini, na jioni pia siku za joto kali. Matunda yaliyokwisha kuoza hayakupona, nami niliyachuma. Yaliyofuata yamekomaa bila doa. Maganda ya mayai niliyasaga na kuyachanganya na udongo, ingawa sidhani kwamba ndiyo yaliyosaidia, kwani huoza polepole sana.

Kuhusu kuondoa machipukizi ya pembeni, niliyaacha, kwa kuwa Cal J ni aina fupi na huzaa kwenye matawi hayo hayo. Kijiti cha kuegemea kinatosha.