Nimelipa mia tano yangu nikatukanwa kwenye maiki. Wana Kigoma mpo kimya tu?

Karabai_Bovu:
Wakuu, sijala. Natoka banda la video pale Mwanga saa hizi hizi, mikono inatetemeka, kwa hiyo mtu asinisahihishe herufi.

Huyu mtafsiri wa picha mnamjua. Simtaji. Aliyewahi kukaa kwenye lile benchi lenye msumari anamjua. Aliyewahi kuambiwa "kunja miguu, wewe siyo bendera" anamjua. Mwenye sauti kama injini ya boti inayogoma kuwaka. Huyo huyo.

Leo kaweka ile ya Wamarekani, Alone. Watu 10 wanatupwa porini kila mmoja kivyake, na vitu vyake 10 alivyochagua na kamera anajirekodi mwenyewe. Wa mwisho kubaki anabeba dola laki tano. Yeye anatafsiri kwenye maiki, yaani anatunga. Dubu kwa Kizungu si "bear"? Yeye kasikia bia. Wiki nzima anatuambia "jamaa anaogopa bia, bia imemzungukia kibanda usiku, bia ina watoto wawili." Kuna mzee alitoka pale kaacha pombe.

Hilo tumesamehe. Nimelipa mia tano. Naomba hiyo mia tano ikumbukwe mpaka mwisho wa uzi.

Sasa kuna jamaa mmoja siku nyingi hajala, ndevu zimeshuka kifuani. Anatupa ndoano, anatoa ndoano, anatupa, anatoa. Mara katoa samaki. Wakuu, samaki mwenyewe! Pale mwaloni Kibirizi yule angeachiwa paka, na paka angegeuza shingo kuangalia kama kuna mwingine. Jamaa akapiga magoti. Akalia. Akamshukuru samaki, akamwomba samaki msamaha, akaanza kuieleza kamera habari za mke wake. Nikacheka. Nani asingecheka? Nikamwambia jirani yangu wa benchi, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Hapo mimi ningemaliza mwezi nimenenepa."

Akagandisha picha.

Wakuu, AKAGANDISHA PICHA. Mzungu wa watu kabaki mdomo wazi na kisamaki chake mkononi. Banda kimya, watu kama elfu sabini. Akachukua maiki, akaipuliza kwanza, fuu, fuu, akasema: "Nani huyo? Ahaa, wewe! Wewe ungerudi siku ya kwanza, kabla ya ugali wa mchana. Juzi si ulimwita dada yako aje akuwashie jiko la mkaa?"

Kwenye maiki! Na ile spika ya nje ilikuwa wazi. Ilisikika sokoni. Ilisikika Ujiji. Hata kule Kongo ng'ambo ya ziwa kuna mtu aliweka tonge chini akasema "maskini."

Kwanza, lile jiko lilikuwa limelowa. Pili, mkaa wenyewe ulikuwa wa mwembe, na mkaa wa mwembe kila mtu anaujua. Tatu, yeye habari za jiko la kwetu kazitoa wapi?

Angesema picha inaendelea ningevumilia, maneno yangepotea kwenye kelele. Lakini kugandisha kwanza! Mtu anayegandisha picha amekusudia. Na kupuliza maiki juu! Nikifumba macho naiona ile fuu fuu.

Natoka nje, kuna katoto ka mama wa chapati, meno ya mbele hayajaota, kananiambia: "Shikamoo Siku ya Kwanza." Shikamoo kamili, na adabu zake! Dakika tatu hazijapita!

Mimi nimezaliwa Katonga. Baba yangu kavua dagaa kwa karabai usiku wa giza mpaka macho yakaingia ukungu. Leo niambiwe sitafika ugali wa mchana?

Sirudi pale. Nataka mia tano yangu. Na mwisho wenyewe sikuuona, mwenye kujua aliyebaki aniambie.

mgebuka_mkavu:
Pole sana Siku ya Kwanza.

Benchi_la_Nyuma:
Nilikuwepo. Mleta uzi anaruka vitu. Hakumwambia jirani, alisimama. Alijipiga kifua. Alisema "nipeni ndoano tu, hata bila suruali." Na jiko lilikuwa kavu, tunapakana ukuta.

Karabai_Bovu:
LILIKUWA LIMELOWA.

Benchi_la_Nyuma:
Kiangazi chote hiki?

Mama_Dagaa:
Mdogo wangu, dada yako alikuja kuwasha?

Karabai_Bovu:
Shikamoo dada. Alikuja, ila alikuwa anapita tu.

Mama_Dagaa:
Marahaba. Basi na ugali alipika akiwa anapita tu.

Spika_ya_Nje:
Msimcheke sana. Siku ya Kwanza halisi yupo. Msimu wa kwanza wa Alone, 2015, kule Vancouver Island, kuna mshindani, tena askari, alipiga simu aje achukuliwe hata saa 24 hazijatimia. Kisa dubu. Aliyeshinda, Alan Kay, alikaa siku 56. Kwa hiyo mleta uzi ana mwenzake, na mwenzake ana bunduki kazini.

mgebuka_mkavu:
Alikimbia bia huyo.

Kijiti_cha_Gombe:
Mimi nipo Mwamgongo, boti ikichelewa ninao muda wa kufikiri. Jane Goodall alifika Gombe 1960, na mwaka ule ule akamwona sokwe anachomeka kijiti kwenye kichuguu, anavuta mchwa, anakula. Sokwe hana vitu 10, ana kijiti kimoja. Mleta uzi kijiti cha kiberiti kimemshinda.

Benchi_la_Nyuma:
😂😂😂 Uzi ufungwe.

Karabai_Bovu:
Naona mnacheka. Turudi kwenye mada. Aligandisha picha. Hivi mnaelewa maana ya kugandishiwa picha? Mtu ana rimoti mkono wa kushoto, maiki wa kulia, na wewe huna kitu, una karanga.

Injini_40:
Mimi hainiingii akilini kwa nini tuwalipie hao Wamarekani. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kuvua, Mei 15 mpaka Agosti 15. Piga hesabu, siku 92. Nina boti, nina nyavu, nina watoto wanne, ziwa liko mbele ya mlango na sigusi. Hakuna aliyenipa kamera. Yule bingwa wao Roland Welker kakaa siku 100 kule Great Slave Lake, Kanada, wakampa dola milioni moja. Sisi tulipungukiwa siku nane tu!

Mama_Dagaa:
Na Welker alikuwa na nyama. Alipiga lile dume la ng'ombe wa manyoya wa kaskazini, mshale halafu kisu. Wewe Injini ulipiga nini siku zile?

Injini_40:
Nilipiga mizinga kwa mashemeji.

Samli_na_Mawese:
Tatizo la wale siyo uvivu, ni mafuta. Mtu anatega sungura, anakula sungura, kesho sungura, na bado anakonda na tumbo linamvuruga, kwa sababu nyama ya sungura haina mafuta na mwili hauwezi kuishi kwa nyama kavu tupu. Ndiyo maana ukiwaona wamepata utumbo wa samaki wanaula na kichwa chake. Wape chupa moja ya mawese uone kama mtu atalia.

mgebuka_mkavu:
Mawese yapi, haya ya sasa? Juzi nimenunua pale sokoni, nimekaanga, yametoa povu kama sabuni. Nadhani ilikuwa sabuni.

Samli_na_Mawese:
Ulinunua kwa nani? Mwenye meza ya kona?

mgebuka_mkavu:
Simtaji ila mnamjua.

Samli_na_Mawese:
Yule ana laana. Mimi aliniuzia dumu, nusu maji. Nikaliacha usiku, asubuhi mafuta juu, maji chini, na samaki mmoja.

Injini_40:
Mkubwa kuliko yule wa Mmarekani?

Baba_Mkwe_Sebuleni:
Banda mnalipa mia tano mnapata aibu ya mia tano. Mimi nina dishi nyumbani, sikilizeni yangu. Kuna kile cha uchi, Naked and Afraid, mwanamume na mwanamke wasiojuana, siku 21, kila mtu na kifaa chake kimoja. Hata Tanzania walikuja kurekodi. Nimewasha nikidhani ni habari za wanyama. Mkwe wangu mwanamume yupo sebuleni, katoka Kasulu kwa heshima zote, na kanzu. Kubonyeza rimoti, betri imekufa. Nikasimama mbele ya TV. Nikasimama hivyo hivyo mikono nimeipanua, tunaongelea bei ya maharage, mpaka kipindi kikaisha. Sehemu zenyewe wameziwekea ukungu, lakini ukungu ule mbele ya mkwe hausaidii kitu.

Mama_Dagaa:
Si ungechomoa waya?

Baba_Mkwe_Sebuleni:
Waya uko nyuma ya kiti alichokalia yeye.

Karabai_Bovu:
Jamani, anzisheni uzi wenu.

Kichwa_cha_Treni:
Mwangaluka wakuu, nipo Tabora. Nyie Kigoma mnaringa na pori, ila aliyetangulia kuigiza mambo ya porini ni Livingstone. Stanley kamkuta hapo Ujiji 1871, mwaka uliofuata wakaja kukaa kwetu Kwihara. Mnaambiwa "alipita porini peke yake." Peke yake na wapagazi! Mzigo kabeba Mnyamwezi, sifa kabeba yeye. Hata alipokufa 1873, waliotembea na mwili wake mpaka Bagamoyo ni Chuma na Susi na wenzao, zaidi ya kilomita elfu moja kwa miguu. Hao mngewapa kamera.

Spika_ya_Nje:
Ni kama Bear Grylls wa Uingereza, yule wa vipindi vya kuishi porini, mwaka 2007 ikaja kujulikana usiku mwingine alikuwa analala hotelini.

Benchi_la_Nyuma:
Siku ya Kwanza angelala kwa dada.

Zamani_Tulikuwepo:
Vipindi vya porini viliisha na Maisha Plus ya Masoud Kipanya. Vijana wanapelekwa kijijini, wanachota maji, wanalima, wanagombana kwa sababu ya sufuria, na nyumbani watu tunakesha tunabishana nani atoke. Ukoo wetu una watu wawili hawasalimiani mpaka leo kwa ajili ile.

Injini_40:
Msimu wa kwanza, 2009? Sisi hawasalimiani watatu.

Karabai_Bovu:
Naomba nirudie. Picha ilikuwa inatembea. AKAIGANDISHA. Kama mtu kakosea, mwambie kipindi kikiisha, mvute pembeni. Halafu nimekumbuka kitu kingine. Baada ya kusema, aliirudisha nyuma kidogo. Ili watu wamwone yule mzungu analia tena, halafu waniangalie mimi. AKAIRUDISHA NYUMA.

Benchi_la_Nyuma:
Hapo ni kweli. Alirudisha mara mbili.

Mama_Dagaa:
Mara mbili? Hapo kazidisha.

Kichwa_cha_Treni:
Tabora mtu hawezi kufa njaa porini. Miombo ina kila kitu, uyoga mvua zikianza, matunda, na asali. Babu yangu alikuwa anafunga mzinga wa gome juu ya mti, anarudi baada ya miezi, hakuna aliyegusa. Wewe Mzungu umelia kwa samaki, juu ya kichwa chako kuna ndoo nzima.

Samli_na_Mawese:
Kanada hakuna mti wa miombo.

Kichwa_cha_Treni:
Hilo ni kosa lao.

mgebuka_mkavu:
Asali yenu hiyo hiyo mnayochemshia sukari? Mwaka jana nimenunua chupa dirishani treni iliposimama, nimefika Kigoma imeganda chini kama chumvi.

Nyuki_wa_Sikonge:
Naingia hapa. Asali safi nayo inaganda, mkuu, kuganda siyo sukari. Iweke chupa kwenye maji ya moto, siyo ya kuchemka, itarudi. Na hao wa dirishani siyo wote wafugaji wa nyuki. Mimi narina mwenyewe, Sikonge, ya nyuki wakubwa na ya nyuki wadogo.

Mama_Dagaa:
Ya nyuki wadogo unayo kweli? Mjukuu ana kifua.

Nyuki_wa_Sikonge:
Ipo kidogo. Ya wakubwa ipo madumu.

Samli_na_Mawese:
Tubadilishane na mawese? Ya kwangu, siyo ya yule wa kona.

Nyuki_wa_Sikonge:
Dumu kwa dumu, nakubali. Ila nitayaacha yalale usiku kwanza nione kama kuna samaki.

Injini_40:
Lita tano nachukua. Unatuma kwa treni ya lini?

Nyuki_wa_Sikonge:
Nitaulizia stesheni kesho asubuhi. Wanaotaka waandike hapa hapa na kiasi.

Baba_Mkwe_Sebuleni:
Tatu. Moja ya mkwe.

Karabai_Bovu:
Jamani aliyebaki wa mwisho ni nani, yule wa ndevu au mwingine?

Mama_Dagaa:
Mimi ya nyuki wadogo, nusu lita.

Benchi_la_Nyuma:
Lita mbili.

Karabai_Bovu:
Na mimi niwekee moja.

Nyuki_wa_Sikonge:
Sawa. Kwenye dumu lako niandike jina gani?

mgebuka_mkavu:
Andika Siku ya Kwanza, Mwanga. Litafika.