Robur za Zittau: injini ya kupozwa kwa hewa ndiyo iliyokiua kiwanda?

Tapeti_4
Wakuu, naomba elimu. Kila likitajwa Robur LO 2002 A, lile lori fupi la porini kutoka Zittau, Ujerumani Mashariki, watu husema kiwanda kilikufa kwa kung'ang'ania injini isiyo na rejeta. Ni kweli? Hizo herufi na namba zina maana gani? Na anayetaka kununua moja iliyokuwa ya zimamoto akague nini kwanza?

chesi_ndefu
Mkuu, injini za kupozwa kwa hewa zilikuwepo kiwandani miaka 50 kabla ya jina Robur. Gustav Hiller alianza Zittau mwaka 1888 na mashine za nguo, akaingia kwenye baiskeli za Phänomen, kisha pikipiki. Mwaka 1907 kikatoka Phänomobil, kigari cha magurudumu matatu chenye injini juu kabisa ya gurudumu la mbele, nayo ilipozwa kwa hewa. Mwaka 1927 likafuata lori dogo la 4 RL, na Posta ya Ujerumani ikawa mteja wake. Wakati wa vita walitengeneza Granit 1500 kwa ajili ya jeshi, zikiwemo za kubebea majeruhi.

Baada ya vita kiwanda kikataifishwa. Kikarudi na Granit 27, halafu 30 K, ambayo baadaye iliitwa Garant. Jina Phänomen likaachwa, na kuanzia 1957 kikawa VEB (yaani kiwanda cha umma) Robur-Werke Zittau. Mwaka 1961 ikatoka LO 2500, dereva akiwa amekaa juu ya injini, na kabini hiyo ndiyo iliyobaki mpaka mwisho.

Kusoma jina ni rahisi: L ni hewa, O ni petroli, D ni dizeli, A ni fowili, yaani magurudumu yote manne husukuma. Namba ni uzito wa mzigo kwa kilo, na tarakimu ya mwisho huonyesha toleo. LO 2500 hubeba tani 2.5, LO 3000 tani 3, LO 1800 A tani 1.8, LO 2002 A tani 2. Fowili hubeba pungufu kwa sababu nyuma ina tairi moja moja badala ya mbili mbili, na juu yake imebeba transfa (giaboksi ya kugawa nguvu mbele na nyuma) na difu ya mbele. Hizo tairi moja moja ni za makusudi kabisa: gurudumu la nyuma linapita kwenye mfereji uleule uliochimbwa na la mbele, halilazimiki kuchimba wa kwake kwenye matope. Basi dogo la viti 21 lilijengwa kwenye chesi hiyohiyo ya lori, ndiyo maana ngazi zake ziko juu na springi zake ni ngumu.

Difu_Kavu
Naomba nipinge hilo la injini kuua kiwanda. Tatra, watengeneza malori wa Cheki, wanapoza kwa hewa tangu miaka ya 1920 na bado wanaendelea. Magirus-Deutz waliuza maelfu ya malori ya hewa Urusi miaka ya 1970 kwa ujenzi wa reli ya BAM, Siberia, na huko kukosa maji ya kuganda ilikuwa faida tupu.

Tatizo la Zittau lilikuwa serikali kutotoa fedha za gari jipya. Miaka ya 1970 wahandisi walikuwa na mfano wa lori jipya, O 611, tayari, ukazuiwa usiingie kiwandani. Wakaendelea na injini ya petroli ya silinda 4, kipenyo milimita 95, mwendo wa pistoni milimita 118, jumla sentimita za ujazo 3,345, nguvu farasi 70 na baadaye 75. Kwa lori la tani 3 hiyo ni nguvu ndogo na kiu kubwa. Dizeli ya lita 3.9 ilikuwepo, lakini nguvu zilikuwa zilezile.

Pigo la mwisho likaja Julai 1990, sarafu ya Magharibi ilipoingia. Wateja wa Ulaya Mashariki hawakuwa na marki za kulipia, na Mjerumani mwenyewe sasa aliweza kununua gari la Magharibi. Jaribio la kufunga injini ya Deutz lilichelewa. Mwaka 1991 uzalishaji ukafungwa. Linganisha na Multicar wa Waltershausen: walikuwa na kigari ambacho hakikuwa na mshindani mkubwa, wakatia injini ya VW, wakapona.

Spana_13
Nijibu la ukaguzi. Nyingi za zimamoto zilikuwa LF 8 (aina ya gari la kuzima moto), zikiwa na pampu ya TS 8 ya kubebeka, lita 800 kwa dakika. Zina kilomita chache ila zimesimama miaka mingi, kwa hiyo usidanganywe na odomita.

Anza na mapezi ya silinda, vile vijibamba vya kutolea joto. Fungua mabati ya kuelekeza hewa, umulike kila pezi kwa tochi. Oili ikivuja kwenye seali za mirija ya pushirodi (fimbo za kusukuma vali) hunasa vumbi, na vikichanganyika vinakuwa tabaka kama blanketi. Hewa haipiti, silinda hiyo inachemka peke yake wakati nyingine ziko salama, na geji haikuonyeshi kitu. Loweka kwa mafuta ya taa, sugua kwa brashi laini, pulizia hewa kutoka upande wa pili. Rudisha mabati yote. Bati moja likikosekana, feni inapuliza barabarani badala ya kwenye silinda, na watu wengi huliacha kwa sababu "linasumbua kufunga".

Kisha pima kompresheni (mgandamizo wa silinda) injini ikiwa ya moto, plagi zote zimetolewa, kabureta wazi kabisa. Silinda ikiwa chini, tia oili kijiko kimoja kwenye tundu la plagi upime tena: ikipanda, ringi zimekwisha, isipopanda, vali hazikai.

Breki ni za mafuta. Mafuta hayo hunyonya unyevu, na gari likisimama silinda za magurudumu hula kutu kwa ndani, kwa hiyo toa ngoma zote 4 kabla ya kulipa. Tairi yenye tarehe ya tarakimu 3 ni ya kabla ya 2000. Hesabu seti nzima mpya kwenye bei.

Kingine, mkanda wa feni ukikatika, zima papo hapo. Hakuna maji ya kukupa dakika za kutafuta kivuli.

Tapeti_4
Nashukuru sana wakuu. Na fowili yake, inaingia muda wote?

chesi_ndefu
Hapana, ekseli ya mbele unaiingiza unapoihitaji. Ingiza kabla ya tope, usisubiri kukwama. Kwenye lami itoe: unapokata kona magurudumu ya mbele husafiri mbali kuliko ya nyuma, na lami haiyaachii kuteleza, hivyo mzigo unabaki kwenye shafti na meno ya transfa. Ukiona liva imegoma kutoka, rudi nyuma mita chache umenyoosha usukani, itaachia. Usiipige nyundo.