Tupeane uzoefu: shabaha ya kujitengenezea kwa mazoezi ya upinde nyuma ya nyumba

Podo Jeusi

Wakuu, uzi huu ni wa vipimo, vifaa na sababu za kuharibika. Naanza na shabaha ya maboksi kwa kuwa ndiyo inayoonyesha kanuni yenyewe: mshale unasimama kwa kubanwa ubavuni. Ukiweka kitu kigumu mbele ya ncha, mshale utavunjika au utadunda. Ukiweka tabaka laini zilizobanwa sawasawa, zitaushika mwili wake mpaka mwendo uishe.

Kata vipande vya boksi vya sentimita 60 kwa 30. Vipange kwa kulala, kimoja juu ya kingine, kingo zikimtazama mpigaji ili mshale upite kati ya tabaka. Boksi la kawaida lina unene wa milimita 4 hivi, kwa hiyo andaa vipande 190 hadi 200. Rundo litafika karibu sentimita 80, nawe unalikaza mpaka libaki 60. Ng'oa kwanza pini zote za chuma na gundi-karatasi nene.

Kwa kukaza: mbao mbili za unene wa sentimita 5, urefu wa 75 na upana wa 30, moja chini na moja juu. Nondo nne zenye hesi za milimita 12, urefu wa mita 1, mbili kila upande, zipite nje ya rundo. Weka washa pana chini ya kila nati, la sivyo nati itazama kwenye mbao. Kaza kwa zamu, mizunguko michache kila kona. Ukimaliza kona moja kabla ya nyingine ubao utainama, na upande uliolegea ndio utakaopitisha mishale.

Upote

Naongeza kwenye hizo nondo. Mshale ukigonga chuma unaruka pembeni na huwezi kujua utaangukia wapi. Ziba nondo za mbele kwa kipande cha ubao laini wima, unene wa sentimita 4 au 5. Ni heri mshale unase kwenye mbao kuliko urudi.

Halafu maboksi hayapendi maji hata kidogo. Yakilowa yanavimba, yakikauka yanasinyaa, na mkazo wote umekwenda. Inua shabaha juu ya matofali na uifunike juu, ila uache pande wazi ipumue. Kaza nati tena baada ya kila mishale mia kadhaa. Katikati ikichoka, legeza, hamisha vipande vya katikati viende juu na chini, kaza upya.

Kigumba

Asiye na mbao atumie gunia. Chukua mawili ya nailoni iliyofumwa, ingiza moja ndani ya jingine, ujaze nguo kuukuu. Kazi kubwa iko kwenye kuchambua: zipu, vifungo, vyuma vya mikanda, vyote vitoke. Kifungo kimoja cha chuma kinatosha kupasua mshale wa kaboni, na ufa wenyewe huenda usiuone kwa macho.

Anza na kona. Watu wengi wanajaza katikati, gunia linakuwa kama mpira na kingo zinabaki tupu. Shindilia kwa mguu kila unapoongeza tabaka la sentimita 10. Mdomo usiushone moja kwa moja, ufunge kwa kamba, maana mjazo utashuka na juu patabaki uwazi unaohitaji kuongezwa. Mchanga usitie kabisa: unakwaruza mishale na gunia halibebeki.

Gunia ni la ncha za kawaida za mazoezi tu. Ncha pana zenye makali zinakata nguo na kuzing'ang'ania, utachomoa mshale pamoja na nusu ya mjazo. Na kama ncha zako ni za kufunga kwa hesi, zikaze kabla ya kila zamu, kwa sababu nguo huzishika na kuziacha ndani.

Podo Jeusi

Kweli kabisa. Mifuko laini ya plastiki inaachia mshale kirahisi kuliko nguo. Kasoro yake ni kwa upinde wa kompaundi (ule wenye kapi kwenye ncha zake) wenye kasi: joto la msuguano linayeyusha plastiki na kuigandisha kwenye mshale. Changanya, nguo pembeni na plastiki katikati.

Robota

Tusisahau uso wa shabaha. Kwa mita 18 uso wa kawaida ni wa kipenyo cha sentimita 40, una duara 10, kila moja upana wa sentimita 2. Piga msumari katikati, funga uzi na kalamu, chora kuanzia nusu kipenyo cha 2 hadi 20. Rangi kutoka ndani: njano mpaka 4, nyekundu mpaka 8, buluu mpaka 12, nyeusi mpaka 16, nyeupe mpaka 20. Kitovu kiwe sentimita 130 kutoka ardhini. Kwa mazoezi ya kila siku bandika alama ndogo tano zilizotawanyika, mjazo utachakaa kwa usawa.

Nyuma ya shabaha ni lazima pawe na kizuizi. Kilima cha udongo usio na mawe ni bora. Pasipo kilima, ning'iniza zulia zito likiwa huru chini, lisivutwe. Likicheza linakula nguvu ya mshale, likikazwa linatobolewa. Kizuizi hiki ni cha mshale uliokosea shabaha tu, na hata kikiwepo, nyuma yake pasiwe na njia wala mtu.

Upote

Na kuchomoa: simama ubavuni mwa mshale, hakikisha hakuna aliye nyuma yako, kwani kishikizo (mwisho wa nyuma wa mshale, unaokaa kwenye uzi wa upinde) kikimpata mtu jichoni ni hatari. Kiganja kimoja kisukume uso wa shabaha, kingine kishike mshale karibu kabisa na pale ulipoingia, uvute kwa kunyoosha. Ukishikia kwenye manyoya utaupinda. Ukigoma, uzungushe kidogo huku unavuta. Kwa ncha za hesi usizungushe kinyume cha saa.