PPPC kazi yake hasa nini, inatoa hela za miradi au inagonga mihuri tu?

Mtu_wa_Stendi

Wakuu habari za jioni. Naomba wanaojua wanieleweshe maana huku mtaani kila nikiuliza napewa siasa. Tuko wafanyabiashara kadhaa kwenye mji mmoja mkoani, halmashauri yetu ina eneo la stendi ya zamani limekaa tu linaota majani, kila mwaka linatajwa kwenye bajeti alafu kimya. Tumeenda kuongea na watu wa mipango tukaambiwa leteni andiko, mradi utaenda kwa ubia, na kuna kituo cha serikali kinaitwa PPPC, kile cha ubia kati ya serikali na sekta binafsi (PPP), ndo kinashughulika na hayo mambo.

Sasa swali langu, hicho kituo kinatoa hela? Kinatutafutia benki? Au kazi yake ni kukagua makaratasi tu? Na kwanini mradi wa ubia uchukue miaka wakati barabara ya kawaida inatangazwa tenda, mtu anasaini, miezi kadhaa greda liko saiti? Na la mwisho, wateja wasipokuja hasara anakula nani, sisi au halmashauri?

Naombeni majibu ya watu waliokaa kwenye hivi vitu, wa "ngoja waje" wapumzike leo.

---

Mipango_HQ

Ngoja niseme ninachokijua mkuu, nimekaa kwenye vikao vya haya mambo upande wa serikali za mitaa.

Kwanza kituo hakijengi na hakikopeshi. Mwenye mradi ni taasisi yenye hilo eneo au hiyo huduma, kwenu ninyi ni halmashauri, kwenye barabara kuu ni TANROADS, bandarini ni TPA. Yeye ndo anasaini mkataba na mbia. Kituo kiko chini ya Wizara ya Fedha, kinaangalia kama wazo linafaa kwenda kwa ubia au ni bora serikali ijenge kwa hela yake, kinapitia upembuzi yakinifu (ule uchunguzi wa kama mradi unalipa na unawezekana), kinasaidia taasisi kwenye mazungumzo na mbia, maana ukweli mchungu afisa wa halmashauri akikaa meza moja na wanasheria waliopanda ndege kuja kwa ajili ya hiyo kazi tu, atamezwa. Mradi ukishapita hapo kuna kamati ya kitaifa juu yake nayo inapitia.

Sheria yenyewe ni ya 2010, imerekebishwa 2014, 2018 na 2023. Hayo ya 2023 ndo yalikipa kituo nguvu unayoisikia leo. Hela ipo kidogo, sheria ina mfuko wa uwezeshaji, unaweza kulipia upembuzi au kujazia pengo pale ambapo mradi una faida kwa wananchi ila hauwezi kumrudishia mwekezaji hela yake wenyewe. Ila usikae ukategemea kwamba stendi yako itajengwa na mfuko, haupo kwa kazi hiyo.

Kuhusu muda. Mkandarasi wa kawaida anajenga analipwa anasubiri kipindi cha matazamio kiishe anaondoka. Mbia wa PPP anasanifu, anatafuta hela, anajenga, anaendesha miaka 20 au 30 alafu anakabidhi. Kwahiyo kila kinachoweza kutokea ndani ya hiyo miaka lazima kiandikwe kabla hata jiwe halijawekwa, fidia ya ardhi analipa nani, dola ikipanda tozo inapandaje, akishindwa katikati anatolewaje na benki zinazomdai zinafanywaje. Umewahi kuona vijana wamekaa kwenye viti vya plastiki pembeni ya barabara kuu wana fomu, wanachora vistari, basi moja, lori moja, bodaboda tatu? Wengi wanadhani wako na TRA, watu wa kodi. Mara nyingi ni hesabu ya magari ya upembuzi, na zile fomu zikidanganya basi mkataba wote wa miaka 30 umesimama kwenye uongo.

---

Tegeta_Original

Maelezo mazuri lakini mbona unaongea kama vile hatujawahi kupigwa?? Mimi nimekulia Tegeta, ile mitambo ya IPTL, kampuni binafsi iliyokuwa inaiuzia TANESCO umeme, tumeiona kwa macho. Mkataba wa 1995, megawati 100, miaka 20, na uzuri wake ni kwamba TANESCO ilikuwa inalipa kapasiti chaji mitambo iwashwe isiwashwe, mvua ikinyesha mabwawa yakajaa umeme wa mafuta hauhitajiki bado unalipa, kiangazi ukiuhitaji unalipa na mafuta juu yake. Alafu TANESCO na IPTL wakaja kugombana, hela zikawekwa kwenye akaunti ya Escrow (ya kushikilia hela mpaka mgogoro uishe) pale BoT, benki kuu, na mwisho wake mnaujua, zaidi ya bilioni 300 zikachomoka, Bunge likawaka moto 2014, mwanasheria mkuu akajiuzulu.

Na kinachonichekesha aliyekuwa anapiga kelele bungeni kuhusu Escrow kipindi kile alikuwa mbunge Kafulila, na huyo huyo ndo 2023 akapewa kuongoza mambo ya PPP. Sijui nicheke au nifurahi, labda mtu aliyesoma mkataba mbovu mstari kwa mstari ndo anafaa kuzuia mwingine, sijui.

Swali langu kwako Mipango, mwaka 1995 hakukuwa na kituo wala sheria ya ubia, sawa. Sasa hivi vyote vipo. Mimi mwananchi naweza kuuona mkataba?

---

Mama_Kilwa_Road

Naongezea la kwetu Mbagala. Mwendokasi, yale mabasi yenye njia yake, ulikuwa uwe mfano wa ubia, serikali inajenga njia na vituo kwa mkopo, mtu binafsi analeta mabasi. Ya Kimara ilianza Mei 2016 na mtoa huduma wa mpito, hiyo "mpito" ikageuka kudumu, mabasi yakachoka watu wakawa wanapitia madirishani. Ya kwetu ndo kabisa, zege tayari, vituo tayari, mabasi hakuna, tumepita pembeni ya njia tupu tumebanana kwenye daladala mpaka 2025. Kwahiyo mkuu wa stendi angalia na hilo, nusu ya serikali inaweza kwisha na nusu ya mbia isianze au kinyume chake. Hapo wewe ulishakopa benki na riba haijui kama halmashauri bado inatafuta kibali.

---

Jirani_wa_Mlolongo

Ndugu zetu wa Bongo, nimepita tu, lakini hii mada inanihusu. Huku Kenya kazi hiyo inafanywa na kurugenzi ya PPP pale Hazina ya Kitaifa, sheria ya kwanza 2013, ikabadilishwa na ya 2021. Mradi unaosemwa sana ni Expressway ya Nairobi, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, Wachina wa CRBC walitafuta pesa wakajenga, ikafunguliwa 2022 na wataikusanyia ushuru kwa miaka 27. Mimi nikiwa na haraka ya airport napanda juu nalipa, nikiwa sina kitu nabaki chini na jam yangu. Hiyo ndiyo raha yake, barabara ya chini ipo ya bure. Lakini ushuru ulianza shilingi 360 kwa gari dogo kwa safari nzima, Januari 2024 ikapanda hadi 500, na sababu kubwa ni kwamba deni liko kwa dola na sisi tunalipa kwa shilingi. Shilingi ikianguka anayefidia ni dereva. Hilo liliandikwa mapema kwenye mkataba, si kwamba mtu aliamka siku moja akaamua.

Na kuhusu swali la Tegeta la kuuona mkataba, sisi 2024 tulijua mambo ya Adani, kampuni ya India iliyotaka kuendesha uwanja wa ndege wa JKIA Nairobi, kupitia watu wa mitandao, si kupitia serikali. Lilikuwa pendekezo ambalo kampuni yenyewe ilileta, hakuna tenda iliyotangazwa. Septemba mahakama ikasimamisha, wafanyikazi wakagoma, Novemba Rais akafuta kabisa baada ya Wamarekani kumshtaki mwenye kampuni. Kurugenzi ilikuwepo, sheria ilikuwepo, kamati zilikuwepo. Sasa jiulizeni.

---

Mipango_HQ

Tegeta, nakujibu bila kuzunguka. Mkataba wenyewe kuuona ni shida, mara nyingi utaambiwa una siri za biashara. Mimi binafsi naona hapo ndo tunapokosea, taarifa za msingi kama muda, tozo na dhamana ya serikali zinaweza kuwekwa wazi bila kumharibia mtu biashara. Kelele za bandari 2023 nusu yake zilikuwa ni watu kutojua kilichosainiwa, ilipofika Oktoba serikali ikasaini mikataba na DP World, kampuni ya Dubai ya kuendesha bandari, pale Dodoma ikaelezwa kwamba ni gati 4 mpaka 7 na miaka 30, watu wakapata cha kubishania chenye namba. Wangeanza nayo hiyo.

Ila si kweli kwamba kila mara tunapigwa. Maji Dar, kampuni binafsi ya City Water walipewa 2003, wakashindwa malengo, serikali ikavunja 2005, wakatupeleka kwenye usuluhishi na jopo likaamuru wao ndo wailipe DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar, paundi milioni 3. Mkataba ulikuwa na vipimo vya utendaji na vipimo vikatuokoa. Na hapo kwenye usuluhishi kuna kituko, 2018 sheria ilisema migogoro ya PPP imalizwe hapa hapa nchini, wawekezaji na benki zao wakakaa mbali, 2023 ikafunguliwa tena usuluhishi wa kimataifa. Wapo wazalendo hawaipendi hiyo, lakini benki ya nje haitoi dola milioni mia kwa mtu anayeshtakiana na serikali kwenye mahakama ya serikali, tuwe wakweli.

Sasa turudi kwa mwenye uzi, nani anakula hasara. Jibu ni yule aliyeandikwa. Mbia akibeba mwenyewe hatari ya wateja basi wasipokuja ni juu yake. Akipewa dhamana kwamba mapato yakishuka chini ya kiwango fulani serikali itajazia, basi tunarudi kule kule kwa kapasiti chaji, na hilo ni deni ambalo halionekani kwenye vitabu vya deni mpaka siku linapoiva. Kazi ya kituo niliyoiona ina maana kuliko zote ni hiyo, kuhesabu hizo ahadi kabla hazijatolewa. Ndo maana utasikia Kibaha mpaka Morogoro kilomita 205 ya kulipia inazungumzwa miaka na miaka, pale shida si lami, shida ni nani anabeba siku magari yakipungua, na barabara ya zamani ya bure ikibaki pembeni yapo malori yatakayoshuka hata kama foleni ni ndefu.

Watu wanatajaga na daraja la Kigamboni kama PPP, lile NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) asilimia 60 na serikali 40, mifuko yote ya umma, kwahiyo hakukuwa na mbia binafsi pale. Lakini somo lipo, watu wamelalamikia tozo tangu 2016 mpaka zikapunguzwa 2022, na aliyepokea hilo punguzo ni mfuko wa hifadhi ya jamii, maana yake ni pensheni ya mtu. Angekuwa mwekezaji binafsi serikali ingelipa tofauti.

Kwenu ninyi sasa. Wazo ni lenu, halmashauri haikutangaza, kwahiyo mnaingia kama andiko lisiloombwa. Upembuzi mnagharamia wenyewe. Na jiandaeni kisaikolojia, mkishamaliza wazo linaweza kushindanishwa na mwingine akaja na bei nzuri kuliko yenu, marekebisho ya 2023 yamefungua njia ya kwenda bila ushindani lakini kwa masharti, msiuze ng'ombe kwa kutegemea hiyo. Kabla ya yote ulizeni hati ya hilo eneo. Siyo barua, siyo mchoro wa mipango miji, HATI. Nimeona maandiko mazuri yamechapwa kwa rangi yanalala kabatini kwa sababu hiyo moja.

---

Tegeta_Original

Nimeelewa hapo kwenye dhamana. Bado sijashawishika na siri, lakini nimeelewa.

---

Mtu_wa_Stendi

Wakuu asanteni sana, nimepata kuliko nilivyotegemea. Jirani wa Mlolongo hilo la dola sikuwa nimelifikiria kabisa, benki tuliyoongea nayo ilishaanza kutaja mkopo wa dola kwa sababu riba yake iko chini na sisi stendi watu watalipa kiingilio mia mbili mia tatu kwa shilingi.

Hati sijui. Ninachojua upande wa nyuma kuna familia inasema ile sehemu ya maegesho ilikuwa shamba la babu yao na hawakuwahi kulipwa. Halmashauri wanasema ni maneno ya mtaani.

Swali la mwisho alafu nawaacha mpumzike, andiko likishakuwa tayari tunalipeleka moja kwa moja kituoni au kwa mkurugenzi?

---

Mipango_HQ

Kwa mkurugenzi wa halmashauri, yeye ndo mwenye mradi. Na kabla hujaondoka masjala hakikisha kopi yako imegongwa mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, maana maandiko yana tabia ya kupotea uchaguzi ukikaribia. Ile familia nenda kaongee nao wewe mwenyewe, wiki hii, uwaulize wana karatasi gani.

---

Mama_Kilwa_Road

Na mkopo wa dola kataa.