Kuhimiza matumizi bora ya umeme si kutuambia tuzime taa! Mafriji chakavu yanauzwa Arusha bila kibandiko chochote, wahusika mko wapi?

Wakuu, heshima kwenu. Nimeikalia habari hii wiki mbili nikidhani hasira itapoa. Haijapoa, kwa hiyo naileta hapa.

Nauza maziwa na mtindi Sakina, hapa Arusha. Duka dogo tu: friji moja la mlango wa kioo, taa mbili, mzani. Mwaka jana mwezi wa tisa friji langu la zamani lilikufa, nikanunua jingine la mtumba kwa 320,000. Jipya la ukubwa ule lilikuwa 650,000 na hela hiyo sikuwa nayo. Muuzaji akaniapia: "Mama, hili limetoka Ulaya, vitu vya Ulaya havili umeme." Niliangalia mbele, nyuma, ndani ya mlango, hakuna karatasi wala stika inayosema linakula kiasi gani. Nikaamini mdomo wa muuzaji kwa sababu hapakuwa na kingine cha kuamini.

Kuanzia hapo LUKU ikawa haikai. Naweka elfu kumi, siku chache mita inalia. Nilifika mahali nikamshuku jirani yangu wa saluni kwamba kaniunganishia waya, tukanuniana karibu mwezi mzima. Dada wa watu hakuwa na kosa lolote.

Fundi friji ndiye aliyenifungua macho. Aliniambia nizime kila kitu dukani nibakize friji peke yake, nisome mita saa moja asubuhi, nisome tena kesho yake saa ile ile. Nikafanya hivyo siku ya Jumapili. Uniti 4.3 kwa siku moja! Tukaenda kupima kwa mwenzangu wa pale mbele, mwenye friji jipya la ukubwa ule ule, akapata uniti 1.1.

Sasa pigeni hesabu na mimi. Niko kwenye T1, kundi la bei ya matumizi ya kawaida, uniti ni shilingi 292, ukiweka VAT asilimia 18, tozo ya REA (wakala wa nishati vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1 inafika 356. Ndiyo maana elfu kumi inakupa uniti 28 tu. Friji langu kwa mwezi linakula uniti 129, yaani karibu 46,000. La mwenzangu halifiki 12,000. Tofauti ni 34,000 kila mwezi, na maziwa nayauza kwa faida ya shilingi mia mia! Zile 330,000 nilizodhani nimeokoa kwa kununua mtumba zimekwisha ndani ya miezi kumi, na friji bado linaendelea kunila.

Fundi alinieleza sababu. Mpira wa mlango umelegea, hewa ya joto inaingia usiku kucha. Povu lililo ndani ya kuta limezeeka, halizuii tena joto. Kompresa ishabadilishwa na waliyofunga si ya saizi yake. Kwa hiyo inanguruma bila kupumzika. Haya yote mnunuzi hayaoni kwa macho. Friji linapakwa rangi, linafutwa, linawashwa dukani dakika kumi, linapoa, unalipa.

Basi nikaenda ofisi moja ya serikali hapa mjini, ya watu wanaolipwa kushughulika na mambo haya. Sitaitaja. Nilibeba daftari langu la vipimo. Nikauliza swali moja: nani anakagua mafriji haya kabla hayajafika dukani, na kwa nini hayana alama ya kuonyesha ulaji wa umeme? Kijana aliyenipokea alikuwa na adabu, sina ugomvi naye. Akanipa kipeperushi. Kimechorwa balbu, kimeandikwa nizime vifaa nisivyotumia, nisipige pasi kila siku, nifungue madirisha mwanga uingie.

Wakuu, nauza MAZIWA. Nikizima friji saa nne usiku, saa kumi na mbili asubuhi nina ndoo za maziwa yaliyochachuka. Hakuna ninachoweza kuzima. Uamuzi wote wa umeme wangu ulifanyika siku ile nilipolipa 320,000, na siku ile hapakuwa na mtu wa serikali wala karatasi ya serikali pembeni yangu.

Hili ndilo ninalotaka lisikike. Kazi ya taasisi ya umma kwenye matumizi bora ya nishati haiko kwenye swichi ya nyumbani kwangu. Iko mpakani, bandarini na dukani. Mimi siwezi kupima friji kabla ya kulinunua, sina chombo, na muuzaji hataniruhusu nikae nalo saa 24. Serikali inaweza. Inaweza kuweka kiwango cha mwisho cha ulaji, kifaa kinachozidi kisiingie. Inaweza kulazimisha kibandiko chenye namba, ili mama muuza maziwa alinganishe bei ya kununua na bei ya kuishi na kifaa.

Na wala si mambo ya ajabu. Vukeni Namanga hapo, mwendo wa saa mbili. Kenya walitunga kanuni zao mwaka 2016, friji na kiyoyozi vinatakiwa viwe na kibandiko cha nyota, nyota zikiwa nyingi ulaji ni mdogo. India wana taasisi maalumu ya kazi hii tangu 2002, nao wanatumia nyota. Ghana ndio wamenigusa zaidi maana shida yao ilikuwa hii hii yangu: mafriji ya mtumba kutoka Ulaya yalikuwa yanakula wastani wa takriban uniti 1,200 kwa mwaka. Wakatunga sheria 2008, na kuanzia 2013 wakapiga marufuku kuyaingiza. Tena hawakuwaacha wananchi hivi hivi, ukirudisha la zamani unapata punguzo la kununua jipya. La kwangu kwa hesabu ile linapita uniti 1,500 kwa mwaka! Kilichokataliwa Accra kiko kwangu Sakina kinanguruma.

Sisi hatukosi maandishi. Sera ya Taifa ya Nishati ya 2015 inazungumzia matumizi bora ya nishati. Lakini wiki iliyopita nimezunguka maduka matano ya mafriji hapa mjini, nikiwauliza wauzaji kibandiko cha ulaji wa umeme kiko wapi. Wawili walinionyesha stika ya waranti. Mmoja aliniuliza kama natoka TRA.

Na msiniambie nchi haiwezi. Kwenye kupikia tumeona inavyoweza ikiamua. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziliambiwa mwisho wa kuni na mkaa ni 31 Januari 2024. Mitungi ya gesi ya kilo 6 imeuzwa vijijini kwa nusu bei ya ruzuku kupitia REA. Lengo limewekwa hadharani, asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034. Kuna tarehe, kuna namba, kuna hela. Upande wa friji, mota na hita nimepewa picha ya balbu.

Nikigusia hita, watu wa Arusha mtanielewa. Mwezi wa sita na wa saba huku huogi maji ya baridi ukiwa na mtoto mdogo. Shawa ya umeme ya wati 5,500, dakika kumi, ni karibu uniti nzima. Familia ya watu watano ni zaidi ya uniti 130 kwa mwezi kwa kuoga tu, wakati ile bei nafuu ya shilingi 100 kwa uniti, ya watumiaji wadogo wa nyumbani, inaishia uniti 75 kwa mwezi. Halafu wapangaji wanne wanashea LUKU moja, hiyo bei ya 100 wanaisikia redioni. Jua tunalo karibu mwaka mzima, ila hita ya jua ni ya mwenye nyumba kufunga, na bili anailipa mpangaji. Hapo pia pangehitajika mtu wa kusema "nyumba mpya zote zifungwe hivi".

NYONGEZA: Mkuu uliyeandika kwamba Bwawa la Nyerere lina megawati 2,115 kwa hiyo tuache kulialia, soma tena. Machi 2025 Rais akiwa Kilimanjaro alieleza kwamba kanda ya kaskazini italetewa umeme wa Ethiopia kupitia Kenya, kwa sababu umeme unaozalishwa kusini unapotea mwingi njiani mpaka ufike huku, akataja hasara ya bilioni 32 kwa mwaka. Sasa kama kuusafirisha mpaka Arusha ni hasara, kila uniti ambayo friji langu lingeacha kula ni uniti ambayo haikuhitaji kusafiri kabisa. Hiyo nayo mngeihesabu.

Na wewe uliyeniambia "si ununue jipya", nimeanza kuweka. Leo Jumatatu nimeingiza elfu kumi nyingine, na kwa mwendo huu Jumamosi mita italia.