Gesi inachomwa bure North Dakota, na nyota nazo tumenyang'anywa

Wakuu, nimekuja hapa na hasira. Mnaoendesha malori huku North Dakota, Marekani, mtanielewa haraka.

Kaskazini-magharibi mwa jimbo kuna hifadhi ya wanyamapori inaitwa Lostwood. Ipo tangu 1935: vilima vya majani, madimbwi yaliyoachwa na barafu ya kale, bata wa kila aina, na hakuna jiji karibu. Mahali kama hapo, usiku usio na mwezi, Njia Nyeupe ilitakiwa ivuke anga kutoka upeo hadi upeo. Juzi nimeegesha barabara ya changarawe pembeni ya hifadhi, nikazima kila taa, nikasubiri nusu saa macho yazoee giza. Juu kabisa Kilimia nikakiona, safi. Nashusha macho magharibi: rangi ya chungwa tupu, inacheza cheza. Upande ule nyota hakuna. Kivuli changu nakiona kwenye changarawe, saa sita usiku, nyikani!

Ni moto wa gesi. Mafuta ya Bakken, miamba yenye mafuta iliyo chini ya ardhi ya huku, yakitoka ardhini, gesi hutoka nayo. Mafuta yanauzwa, gesi, pasipo na bomba la kutosha kuisafirisha, inachomwa hapo hapo kisimani. Picha za setilaiti zimeonyesha eneo hili linavyowaka usiku utadhani ni jiji kubwa.

Roho inaniuma zaidi nikikumbuka nyumbani. Mama zetu wanadunduliza hela ya kujaza mtungi, ikikosekana wanarudi kwenye mkaa na moshi wake. Huku gesi inateketezwa ili mafuta yasichelewe sokoni!

Na mtu asiniambie ni nyota tu. Ndege wengi wanaohama husafiri usiku, na mtafiti wa ndege Stephen Emlen alishaonyesha miaka ya 1960 kwamba wapo wanaojua njia kwa kufuata nyota. Hifadhi imetengwa kwa ajili ya ndege, halafu anga lao linawashiwa moto.

Mwaka 2014 jimbo liliweka malengo: kampuni zianze kukamata asilimia 74 ya gesi badala ya kuichoma; baadaye likayarekebisha, zifike 91 Novemba 2020. Maana yake asilimia 9 ina ruhusa ya kuungua. Kwa nini? Na zile taa nyeupe za visimani, kuzivalisha kofia zimulike chini kuna ugumu gani?

Mlio Williston, Watford City na Minot, jitokezeni tuandike barua ya pamoja kwa jimbo. Rasimu nimeshaanza.